Dozi Kumi na Tano za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Juni 1951

Mvua tangu alfajiri. Njia ya kutoka nyumba za wafanyakazi hadi hospitali imekuwa uji mtupu. Nimefika kazini na viatu mkononi — fundi wa miale, koti jeupe, miguu ya matope! Rahab alikuwa verandani, akacheka mpaka akashika nguzo. Rahab ni nesi ninayefanya naye kazi, binti wa Wakikuyu wanaolima upande wa Cherangani. Akianza kucheka hana breki.

Mashine ya miale, ile ya kuchoma kansa, imeamka vizuri. Ni kuukuu, ilikuja kwa treni kutoka Nairobi, na kila Jumatatu lazima niibembeleze. Swichi ya kwanza, ngoja. Swichi ya pili, ngoja. Sala fupi. Leo imenguruma mara moja tu ikakubali. Saa mbili Wazungu watatu, mlango wa mbele, pua na masikio yaliyoungua kwa jua la mashambani. Saa nne sisi wengine, mlango wa nyuma. Miale ni ile ile.

Mzee Chesang wa Mlima Elgon, yule mwenye kansa ya mdomo wa chini, amemaliza dozi ya kumi na mbili. Kidonda kimekauka vizuri. Nimemuuliza kama ameacha kiko. Ameapa ameacha. Wakati anaapa, mfuko wa koti lake ulikuwa unatoa moshi.

Barua ya Nekoye kutoka Chwele. Palizi imemshika, mahindi yamefika kiunoni, hawezi kuja Kitale mpaka mwisho wa mwezi. Mke wangu huyu ataolewa na jembe. Anasema pia mama yake bado ana kile kidonda na wanampeleka kwa daktari wa misheni. Hakusema kidonda kiko wapi na sitauliza. Mambo ya mama mkwe mtu hauliziulizi.

Jumanne, 5 Juni

Nimeharibu. Naandika polepole ili nielewe mwenyewe jinsi ilivyotokea.

Lori la misheni limeleta mgonjwa asubuhi. Daktari akamwona, akaniletea kadi. Wilkista. Umri kama miaka hamsini. Kovu la moto la utotoni, paja la kulia, juu ya goti, limegeuka kansa. Dozi kumi na tano, siku za kazi zote, bila kuruka hata moja.

Wilkista! Jina la ubatizo. Nani anamwita mama mkwe wake jina la ubatizo? Mimi namjua kama Mama Nekoye, basi. Tena kumjua kwenyewe ni kwa mgongo. Miaka minne ya ndoa sijawahi kumtazama usoni. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake wanaogopana. Hakuna kusalimiana kwa mkono, hakuna kula pamoja, hakuna kukaa nyumba moja. Tukikutana njiani, mmoja anajitupa kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Mara nyingi ni mimi, na nina suruali za kuthibitisha.

Basi yeye, kwa aibu ya kufunuliwa paja, alijifunika shuka mpaka kichwani. Mimi nilikuwa na kitambaa mdomoni, miwani ya kazi, na aproni ya madini ya risasi ya kuzuia miale, inayonifanya nitembee kama bata. Nani angemjua nani?

Nikafanya kazi yangu, na niliifanya vizuri. Niliweka karatasi laini juu ya kidonda nikachora ukingo wake. Umbo lake ni kama figo, upande mmoja mnene. Nikazungushia wino wa zambarau kwenye ngozi. Nikachukua bati la risasi, ile laini nzito ambayo mkasi unaikata kama ngozi ya kiatu, nikakata tundu la umbo lile lile, ili miale ipite kwenye kansa tu na nyama nzima ifichike. Hapo huwa najiona fundi cherehani. Nilikuwa napiga mluzi. Nikampiga kofi dogo pajani — ee Mungu wangu! — nikasema, mama, mguu huu bado utacheza harusini. Akacheka chini ya shuka. Kicheko kizuri, cha mtu mchangamfu.

Ndipo Nyongesa akaingia na birika la chai. Nyongesa, kaka yake Nekoye wa damu, shemeji yangu, aliyemsindikiza mgonjwa na lori. Nilikuwa nimeshusha kitambaa nipumue. Akaniangalia, akaangalia mkono wangu ulipokuwa.

"Walubengo," akasema taratibu. "Si unajua umeshika nani?"

Shuka ikateremka kidogo, macho mawili yakatokea, yakanitazama, shuka ikapanda tena. Nilitoka mbio na bati mkononi. Bati lilikuwa bado halina alama ya upande wa juu. Nilikwaruza alama verandani bila kuitazama karatasi, nikampa Rahab apeleke.

Sasa nimekaa. Sijala. Nina miaka thelathini na leo natamani ardhi inimeze, pamoja na miwani.

Jumatano, 6 Juni

Amekataa dozi. Amejifunika, hataki hata Daktari amguse. Anaomba lori la kurudi nyumbani.

Daktari ni mtu mzuri, lakini amezaliwa mahali ambapo mama mkwe anakuja kukaa nyumbani kwako mwezi mzima na unamchemshia yai. Nilimweleza mara mbili. Akasema mama ni mgonjwa na mimi ni fundi, kuna shida gani? Halafu akasema lile ambalo limenikaa rohoni: bila miale, mguu utakatwa Nairobi, juu kabisa, kabla ya mwaka kwisha. Na akichelewa sana hata kuukata hakutasaidia.

Nyongesa akampelekea habari wodini. Akarudi na jibu. Mama anasema, kama ni kukatwa, basi atakufa na miguu yake miwili. Na kama ni kuguswa tena na mkwe wake, afadhali kukatwa.

Nyongesa hajui anichape au anihurumie. Tumekaa ukutani nje. Mwishowe akanipa nusu ya muwa wake.

Naogopa. Sio aibu tu tena. Naogopa kwamba mama wa mke wangu atapoteza mguu kwa sababu mimi napenda kupiga watu makofi ya utani.

Alhamisi, 7 Juni

Rahab ana akili kuliko sisi sote. Leo amekuja na boga.

Anasema: "Nyinyi Wabukusu mko na shida. Kwetu mama mkwe unamsalimia na anakupea uji. Haya, nifundishe hii mashine. Mimi nitashika mguu, wewe ushike swichi."

Wazo ni hili. Swichi ziko nyuma ya ukuta, na ukutani kuna kioo kizito cha kumtazamia mgonjwa. Rahab ataweka bati, ataleta mdomo wa mashine mpaka uguse sawasawa, atatoka, atatazama kupitia kioo. Mimi nitaingia nyuma ya ukuta kabla mama hajaletwa na kutoka akiisha kuondoka. Nitatazama saa tu. Mkwe na mama mkwe hawataonana.

Mchana kutwa tumetibu boga. Nimelichora kidonda, nikalikatia bati, Rahab akaliweka mara arobaini. Mara ya kwanza mashine ingechoma meza. Mara ya kumi ingechoma ukuta. Mara ya arobaini, sawa kabisa. Tumelipika jioni na Nyongesa. Rahab akauliza kama boga lililotibiwa linazuia kansa ya tumbo. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Nyongesa amepeleka pendekezo wodini. Jibu: atakubali, kama huyo mtu wa nyuma ya ukuta hatakohoa.

Ijumaa, 8 Juni

Dozi ya kwanza. Dakika nne. Sikukohoa. Karibu nife.

Jumapili, 10 Juni. Chwele

Nilikuja na lori la mahindi jana. Nekoye alikuwa ameshasikia yote — habari inakwenda mbio kuliko lori. Amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Kisha akaniuliza kama mama yake atapona na mguu wake. Nimesema ndiyo. Sikupaswa kusema ndiyo, mtu wa kazi yangu hasemi ndiyo dozi ya kwanza. Lakini alikuwa ananitazama.

Baba mkwe, Mzee Wakhungu, ameniita baada ya ibada. Ni mzee wa kanisa na pia ni mzee wa ukoo, kwa hiyo kila jambo analipima mara mbili. Hakunigombeza. Alisema nilikosa bila kujua, lakini kosa ni kosa. Kondoo atachinjwa, koo zote mbili zikae, tusafishwe, na baada ya hapo tutaweza kuwa chumba kimoja bila kuleta baa kwa watoto. Nikauliza lini. Wazee wako kwenye palizi, akasema. Wakimaliza.

Nikamwambia kansa haingoji palizi. Akasema ndiyo maana Mungu aliumba yule msichana wa Kikuyu.

Jumatano, 13 Juni

Dozi ya nne. Sasa kuna mazungumzo!

Yalianza jana. Mimi nyuma ya ukuta, nikamwambia Rahab amwambie mgonjwa asikaze goti. Rahab kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka kitandani: "Mwambie huyo mtu sijakaza." Tuko hatua tatu kutoka kwake, ukuta katikati, wote tunasikia kila kitu. Lakini lazima ipitie kwa Rahab. Rahab anatugeukia huku na huku, maskini, shingo itamwuma.

Leo mama ameuliza, kupitia Rahab, huyo mtu anakula nini Kitale, maana alisikia amekonda. Nimejibu, kupitia Rahab, kwamba nakula boga. Halafu kile kicheko.

Ni mtu mzuri huyu. Miaka minne naingia kwenye mahindi kumkimbia mtu mcheshi namna hii. Sijui kama ni dhambi kuandika hivyo. Nimeandika.

Mzee Chesang ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mdomo umepona. Ameniachia asali na kuniapia tena habari za kiko.

Jumatatu, 18 Juni

Dozi ya saba. Jenereta ilikataa asubuhi, Wazungu wakangoja kwa mlango wa mbele wakitazama saa zao, sisi tukangoja kwa mlango wa nyuma tukila njugu. Upande wetu ulikuwa na raha zaidi.

Daktari ameondoka na gari kwenda Kapenguria kuangalia wagonjwa wa huko. Atarudi Jumatano ya wiki ijayo. Ameniambia mambo ya miale niamue mwenyewe. Nimetembea siku nzima kifua mbele.

Jumanne, 19 Juni

Dozi ya nane. Mama ametuma, kupitia Rahab, sima na kuku vilivyoletwa na Nyongesa. Nimekula nyuma ya ukuta akiisha kuondoka. Bado moto.

Alhamisi, 21 Juni

Dozi ya kumi haikutolewa. Nimeisimamisha mwenyewe.

Rahab alitandua shuka, akakaa kimya. Rahab akikaa kimya jambo limeharibika. Akaja nyuma ya ukuta, akaninong'oneza. Ngozi imeanza kuwa nyekundu, ndiyo, kama nilivyomwambia itakuwa. Lakini wekundu umetoka nje ya kidonda upande wa ndani wa paja, upana wa kidole. Na upande wa nje, ule mnene, kansa iko vile vile. Mbichi. Inatoa maji. Nikauliza, alama ya wino je? Akasema imefifia kila siku, mama anaoga sana, kwa hiyo amekuwa akifuata alama ya juu iliyo kwenye bati.

Alama yangu. Niliyoikwaruza verandani bila kuitazama karatasi.

Akiisha kuondoka mama nikachukua bati na ile karatasi niliyochora siku ya kwanza. Nikaviweka pamoja. Alama iko upande usio wake. Bati limegeuzwa kama mtu anavyogeuza chapati. Siku tisa limefunika kansa na kufunua nyama nzima.

Rahab alitaka kulia. Nimemwambia kosa si lake hata chembe. Aliweka kama alivyofundishwa, mara arobaini. Ni mimi. Kama siku ile ningemaliza kazi yangu mezani, nikiwa nimesimama, kama fundi, badala ya kukimbia kama kuku, mguu huu leo ungekuwa unapona.

Kugeuza bati tu hakutoshi. Nyama iliyokwisha kuungua ikipigwa tena itaoza mpaka mfupa. Lazima nichore upya, pale palipopigwa na pale ambapo bado, kwa unene wa uzi. Kwa macho yangu. Rahab hawezi, boga halikumfundisha hilo. Daktari hayupo. Na ule upande mbichi hautakaa kungoja Jumatano, Rahab anasema umeota kinundu ambacho Jumatatu hakikuwepo.

Nimemwambia Nyongesa ukweli wote, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa muwa. Akachukua baiskeli ya karani wa hospitali akaenda barabarani kutafuta lori la kwenda Chwele.

Ijumaa, 22 Juni

Saa nne. Naandika hapa hapa kwenye meza ya swichi, nyuma ya ukuta. Mashine imewaka kwa swichi ya kwanza, ile ya miale bado sijaigusa.

Mzee Wakhungu amefika asubuhi na Nyongesa, matope mpaka magotini. Amesema wazee wamekubali kuacha palizi. Kondoo amepatikana. Jumamosi ya wiki ijayo tutasafishwa, na Jumatatu yake nitaweza kumtazama mgonjwa. Ameniambia kwa upole, kama mtu aliyeleta zawadi. Na ni zawadi, najua alivyowabembeleza.

Siku kumi, nikasema. Mzee, kinundu kimeota kwa siku tatu.

Amesimama mlangoni, ule mlango wa nyuma, kofia mkononi. Kutoka hapa namwona nusu mwili.

Mama aliletwa kama kila siku. Rahab akamlaza. Nikasema kwa sauti, Rahab, mwambie mgonjwa kwamba bati liligeuzwa, na aliyeligeuza ni mimi. Mwambie dozi tisa zimekwenda pasipo pake. Mwambie siwezi kuendelea bila kuona, na sitaona bila yeye kukubali, na akikataa nitaandika barua kwa Daktari mwenyewe niseme kosa ni langu lote.

Nikasikia viatu vya Rahab. Nikadhani anakuja kwangu. Kumbe ametoka nje, akampita Mzee mlangoni, akaenda zake verandani. Kwa makusudi, yule msichana!

Basi hakuna wa kupitishia maneno. Mashine inanguruma. Mimi huku, yeye kule.

"Walubengo," akaita. Jina langu, kutoka kwake, mara ya kwanza tangu nioe. "Uko?"

"Niko, mama."

"Nimefunika uso. Nimefunika kila kitu, nimebakisha mguu. Mguu hauna mkwe. Kuja uone."

Nimetazama mlangoni. Kama Mzee angekohoa tu kunizuia, ningekaa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu hii badala ya ile ya zambarau, nampa nafasi akohoe. Hajakohoa. Ameitazama kofia yake, mbele na nyuma. Sasa ameivaa. Amegeuka taratibu, ametupa mgongo sisi wote wawili, na anaangalia mvua.

Mama anaita tena. Anasema mguu unapata baridi.